Kutu Upande wa Abiria

Félix alichukua bisibisi, akaigusisha kwenye sakafu ya gari kutokea chini, akasukuma kidogo tu, na bisibisi yote ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, unga mwekundu ulimmwagikia usoni. Akapiga chafya, akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akamgeukia mwenye gari.

"Muzee," alisema, "upande wako iko sawa. Upande wa mwenzako ndiyo imekwisha."

Mwenye gari aliitwa Kasiani. Mwenzake alikuwa kaburini, huu ukiwa mwaka wa pili, na Félix alilijua hilo vizuri maana naye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Lakini fundi akishaingia uvunguni mwa gari hana muda wa kuchagua maneno, na Félix, Mrundi wa Bujumbura aliyefungua gereji yake nyuma ya maghala ya Norsborg, hata akiwa nje ya uvungu hakuwa mtu wa kuchagua maneno. Kasiani akajifanya analitazama lile tundu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, jekundu, la viti viwili, na paa la turubai la kukunja. Umri wake ulikuwa umri wa mtu wa kuoa na kuzaa. Zamani vijana walikuwa wakilitolea macho kwenye taa za barabarani, lakini siku hizo zilishapita. Kila majira ya baridi Waswidi humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo haina adabu, inapanda na kuingia popote penye chuma. Sasa kwenye ukaguzi wa mwaka, ule wanaouita besiktning, gari lilikuwa limekataliwa. Pale mkanda wa kiti cha abiria unapofungwa, chuma kilikuwa kimeliwa chote, mkanda hauna pa kushika. Kasiani alipewa mwezi mmoja alitengeneze na kulirudisha.

Njia zilikuwa mbili, na Félix alizieleza huku akinawa mikono. Ya kwanza ni kung'oa kila kitu upande ule, kukata sakafu yote mbovu, kukunja bati jipya, kulichomelea, na kutengeneza upya mahali pa kufungia mkanda. Hiyo ni kazi ya majuma, na hakuna ajuaye kutu imejificha wapi kwingine mpaka umeshakata. Ya pili ilikuwa nyepesi. Unakitoa kiti cha abiria, unautoa na mkanda wake, unaziba tundu, halafu unalipeleka gari likaandikishwe upya kuwa la mtu mmoja. Sheria inaruhusu. Pasipo na kiti hapahitajiki mkanda, na pasipo na mkanda mkaguzi hana la kukataa.

"Nani anakaa hapo?" Félix aliuliza.

Aliuliza kifundi tu, kama daktari anavyouliza unalala saa ngapi. Kasiani alifungua mdomo ataje jina, akakuta hana jina la kutaja. Akasema atafikiria. Félix akampa mpaka Jumatatu ya wiki iliyofuata, kwa kuwa baada ya hapo mashine ya kunyanyulia ilikuwa na miadi na gari la mtu mwingine.

Pesa haikuwa shida, hilo tuliweke wazi mapema watu wasije wakamhurumia kwa lisilokuwepo. Pensheni ilikuwa inaingia, akiba ilikuwepo, na angeweza kulipia njia yoyote kati ya zile mbili. Shida ilikuwa lile swali. Mtu mzima anayekaribia sabini, aliyekaa Stockholm tangu ndevu zake hazijakomaa, anaulizwa ni nani hukaa pembeni yake na anakosa jibu mbele ya fundi. Lilimuuma njia nzima mpaka Fittja, na alipofika nyumbani likawa linamsubiri mlangoni.

Na kilichozidisha maumivu ni kwamba hakuna aliyemroga. Aliyatafuta mwenyewe, tena kwa bidii.

Kasiani aliletwa Sweden kijana, kujifunza kazi ya kiwanda cha karatasi, ili arudi Mufindi akasimamie mitambo. Mafunzo yakaisha, kurudi kukaahirishwa, akaja Getrude, akazaliwa mtoto, na mwishowe bwana mitambo akajikuta dereva wa mabasi. Mchana kutwa alikuwa akibeba Waswidi kwa mshahara. Jioni, na Jumamosi, na Jumapili, alikuwa akibeba Waswahili kwa shukrani. Maana alikuwa amenunua gari la viti tisa, na kati ya watu wetu wa upande huu, kuanzia Skärholmen mpaka Norsborg, mwenye gari la viti tisa kwa kweli hana gari. Gari ni la watu, yeye amekabidhiwa funguo tu.

Mgeni ametua uwanja wa ndege, anapigiwa Kasiani. Mtu amepata nyumba mpya, kochi lake litabebwa na nani kama si Kasiani? Harusini masufuria yalikuwa juu yake. Ukitokea msiba Uppsala, alikuwa akichungulia dirishani na kuwakuta watu wamesimama chini ya ghorofa, khanga mabegani, kabla hajanywa chai. Malipo yalikuwa "Mungu akubariki, kaka." Na Mungu, Kasiani alikuwa akimwambia mkewe, bado hajaonekana hata siku moja kwenye kituo cha mafuta.

Getrude alikuwa akicheka tu. Yeye alikuwa mtu wa watu, na kwake gari kwenda mahali na viti vitupu lilikuwa jambo la aibu, sawa na kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Lakini Getrude hakuwa anashika usukani. Aliyekuwa anashika usukani alichoka, akachoka mgongo na akachoka roho, mgongo ukapasuliwa hospitalini, roho ikabaki hivyo hivyo. Na badala ya kusema amechoka, kama mtu mwenye akili zake angefanya, Kasiani akaona atumie ujanja. Siku moja akaliuza lile gari kubwa bila kumwambia mtu, hata mkewe, akarudi na hilo jekundu. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Nani atakuomba lifti kwenye gari la viti viwili?

Jumapili yake akalipeleka kwenye misa ya Kiswahili. Watu walipotoka wakalizunguka, wakaligonga gonga, wakamtania kwamba amerudia ujana. Vénantie, mjane wa Kirundi aliyekuwa anasimamia kwaya na mapishi pia, akauliza sasa sufuria zake zitakwenda na nani. Kasiani akafungua milango yote miwili, akanyanyua sauti ili asikike mpaka kwenye ngazi za kanisa.

"Hiki kiti changu, hiki cha mke wangu. Gari limejaa."

Watu walicheka. Naye akacheka, akidhani wanacheka pamoja.

Basi ujanja ukafanya kazi, na hapo ndipo penye huzuni yote, kwamba ulifanya kazi barabara. Simu zikapungua, halafu zikakoma. Jumamosi akawa analala mpaka saa nne za asubuhi. Mwanzoni ilikuwa raha isiyo kifani.

Aliyekataa kuingia kwenye ujanja huo alikuwa Getrude peke yake. Wakipita kituo cha basi Fittja, baridi ya Januari inang'ata, naye akimwona mtu anayemfahamu amesimama na mifuko, Getrude alikuwa akimwambia mumewe asimamishe gari. Anashuka, anamkalisha yule mtu kwenye kiti chake, anamfunga na mkanda, halafu yeye anabaki pale kungoja basi. Kasiani anafika na mwanamke wa watu, mkewe anafika baadaye na pua ya barafu. Waligombana kwa ajili ya hilo, si mara moja. Kasiani alilalamika kwamba anadhalilishwa mbele za watu. Getrude akamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kanisani kiti ni cha mkewe, basi mkewe anampa amtakaye. Hakuwa na jibu la hilo wakati ule, na sasa hakuwa na wa kumjibu.

Moyo wa Getrude ulisimama ghafla, mchana, akiwa anakunja nguo. Watu wakaja. Wakapika, wakaimba, wakakesha, wakamzika kwa heshima zote, wakarudi kwa ajili ya arobaini, wakaosha vyombo vyote wakavipanga kabatini. Halafu kila mtu akaenda kwake, na Kasiani akabaki na ule ukimya alioununua kwa hiari yake.

Kwa hiyo wiki ile akajiwekea sharti. Atafute mtu mmoja wa kukaa kwenye kile kiti. Hakutaka msafara, alitaka mmoja tu, hata kama ni kutoka hapa mpaka pale. Akimpata, Félix atakata na kuchomelea, na gari litabaki la watu wawili. Akimkosa, kiti kitolewe, yaishe. Lilionekana sharti dogo kabisa, maana wapo watu waliokosa mengi katika mji huu lakini si mtu wa kumpa lifti.

Akaanza na wa damu yake. Queen, binti yao wa pekee, alikuwa Göteborg na mume na watoto wake. Kasiani alimpigia, akazungumza naye Kiswahili, naye akamjibu Kiswidi, jinsi walivyozoea tangu alipoanza shule. Alimwambia aje mwisho wa wiki, wakunje paa, wazunguke ziwani kama zamani. Queen akauliza kwa upole kama baba anajua huu ni mwezi wa kumi. Tena watoto atawaacha na nani, na kwenye gari lile atawaweka wapi?

"Köp en riktig bil, pappa," alisema mwishoni, yaani baba anunue gari la kweli.

Akamkaribisha yeye aende kwao kwa treni, chumba kipo. Kasiani akasema atakuja. Kila mara husema atakuja, na Queen kila mara husema vizuri, halafu huulizana habari za hali ya hewa na kuagana.

Siku iliyofuata akajaribu njia ya Getrude. Akaliendesha gari polepole kuelekea kituo cha basi Fittja, macho yanatafuta pembeni kama mtu aliyepoteza mbuzi. Akamwona mzee wa Kituruki wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka wamekuwa wakipungiana mkono kila mzee huyo anapotoka msikitini. Alikuwa na mifuko miwili ya vitunguu. Kasiani akasimama, akashusha kioo, akamkaribisha kwa Kiswidi chake bora. Mzee aliinama, akalitazama lile gari fupi, akatazama paa la turubai, akatazama magoti yake mwenyewe. Akashukuru sana, mkono kifuani, akasema basi hilo linakuja. Na kweli lilikuwa linakuja. Kasiani, dereva mstaafu wa mabasi, alinyang'anywa abiria na basi, na ilibidi asogee haraka kwa kuwa alikuwa ameegesha mahali pake.

Ikabaki Jumapili. Ilikuwa siku ya misa ya Kiswahili, na baada ya misa kuna chai na maandazi ukumbini, Watanzania na Warundi na Wakongo na Wakenya wote wanasema kwa pamoja, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Kasiani kwa kawaida huondoka wakati wa wimbo wa mwisho. Safari hii alibaki. Akanywa chai, akashika funguo mkononi mahali zinapoonekana, akasogea alipokuwa Vénantie akifuta sufuria. Akamsalimu, akamuuliza kwaya inaendeleaje, na mwishowe, kama jambo lililomjia hapo hapo, akamuuliza leo anarudije Norsborg.

Vénantie alimwambia asiwe na wasiwasi, ameshapangiwa. Siku hizi kuna kikundi kwenye simu, wenye magari wanasema Jumamosi wana nafasi ngapi, na kila mtu anajua atapanda na nani. Kimewasaidia sana, hasa wazee. Kasiani akajichekesha, akauliza kikundi gani hicho, mbona yeye hajawahi kukisikia.

Mama wa watu akaweka kitambaa chini. Akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko, wanavyoshikwa wafiwa.

"Baba Queen," alisema, "hatukutaka kukusumbua."

Hapakuwa na kejeli ndani yake, na ingekuwepo ingemfaa zaidi, maana angekasirika akaondoka na hasira yake. Alichokiona kilikuwa ni heshima. Walikuwa wamemwondoa kwenye maisha yao kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Akajaribu tena, akasema basi leo tu, mimi nawe, nitakushusha mpaka mlangoni. Vénantie akatazama sufuria lake, ambalo peke yake lingekijaza kile kiti, akataja goti lake lisilokunjika, akasema siku nyingine, Mungu akipenda.

Nje milango ya magari makubwa ilikuwa inafunguka na kufungwa. Watu walibanana, wakapakatana masahani, mtu akasahau mwamvuli akaitwa kwa jina. Kasiani alipita katikati yao polepole. Walimpungia wote. Kabla hajafika barabarani alikuwa amevua koti lake na kulilaza kwenye kiti cha pembeni, ili wenye kutazama kutoka nje wasikione kitupu.

Jumatatu akaenda Norsborg, akamwambia Félix akitoe.

Haikuchukua muda. Bolti tatu zilifunguka zenyewe, ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu, Félix akaipasha moto, ikalia, ikakubali. Akakiinua kiti akakiweka chini, kwenye saruji. Kasiani akainama haraka kutazama mahali kilipokuwa. Alitarajia, sijui kwa nini, kukuta kitu cha Getrude pale chini, hata pini ya nywele. Palikuwa na mchanga na kutu.

Félix akasema gari litabaki kwake mpaka azibe tundu na kupaka rangi ya kuzuia kutu, na kwamba kiti Kasiani aondoke nacho, gereji haina nafasi. Kama hakitaki, pipa la chuma chakavu lile pale. Kasiani akakitazama kiti kilivyokaa peke yake sakafuni. Kitambaa kilikuwa bado kizima karibu pote, ila ukingo wa upande wa mlango ulikuwa umechakaa mpaka sponji ilionekana. Ukingo huo ulichakaa kwa kushuka. Ulikwanguliwa na mwanamke mnene aliyekuwa akitelezea hapo kila mara kuwapisha watu, kwenye theluji, huku mumewe akipiga vidole kwenye usukani na kunung'unika. Kasiani aliona hawezi kukitupa, na wala hakujua atakifanyia nini.

Akakiburuta mpaka nje. Félix hakuwa na msaada, maana alikuwa fundi asiye na gari, kama wengi wao, anakuja kazini kwa treni. Mgongo uliopasuliwa ukamkumbusha Kasiani kwamba upo. Akafikiria kupanda treni nacho, mistari yote ya watu imuangalie mzee aliyejiletea kiti chake mwenyewe. Manyunyu yakaanza. Akafika nacho getini, akashindwa, akakaa juu yake. Ndipo akatambua kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kukikalia hata mara moja. Kilikuwa chini sana, magoti yakamjia kifuani, na kila kitu kilionekana kirefu kuliko yeye.

Akatoa simu. Majina yalikuwepo tele, watu aliowabeba wao na makochi yao na majeneza ya ndugu zao. Aliyapitia yote, akarudi juu, akayapitia tena. Kubeba watu alikujua. Kuomba hakuwahi kujifunza, na uzeeni ulimi mgumu. Mwishowe akaligusa jina la Lameck, mtu wa Mwanza ambaye Kasiani mwenyewe alimpokea uwanja wa ndege mwaka alioingia, akiwa na sanduku moja na koti la kuazima. Lameck siku hizi alikuwa na kazi yake ya usafi wa maofisi, na gari kubwa la viti tisa.

Simu ilipokelewa hapo hapo, na sauti ya Lameck ilikuwa imejaa hofu.

"Kaka Kasiani. Kuna msiba?"

Kasiani akasema hapana, hakuna aliyekufa. Akasema yuko Norsborg, ana kiti. Lameck akauliza kiti gani. Akasema cha gari, ni kizito, na mvua inanyesha, na kama Lameck ana kazi basi aache tu, si lazima. Lameck hakungoja amalize, akauliza yuko upande gani wa maghala.

Alikuja. Hakuuliza mtu mzima anafanya nini kwenye mvua juu ya kiti cha gari, na kwa hilo tu Mungu amlipe. Alikinyanyua, akakiweka nyuma katikati ya mashine zake za kusugulia sakafu, akamfungulia kaka yake mlango wa mbele. Wakakaribia Alby. Kasiani alikuwa anatazama mbele, mikono magotini, hajui pa kuiweka kwa kuwa hakuwa na usukani.

"Lile kundi lenu la simu," alisema hatimaye. "Mbona hamkuniambia?"

Lameck alifikiri kwanza.

"Kaka, ulisema gari limejaa. Tukasikia."

"Nilikuwa nimechoka, Lameck."

"Ungesema umechoka." Lameck hakugeuka, alikuwa anaangalia barabara, na sauti yake haikupanda. "Kuchoka tunakujua. Wote tunachoka. Tungekupumzisha. Tungepanga zamu, tungekuletea chakula, tungefanya chochote. Wewe ulisema limejaa. Mtu akikwambia kwake kumejaa utafanya nini? Unaondoka."

Kasiani akageukia dirisha. Tangu arobaini ya Getrude hakuwa ametoa chozi, alidhani yamekwisha, kumbe yalikuwepo yote. Alilia bila sauti, mabega tu, na Lameck akawasha redio, akaweka sauti ya wastani, akaendesha polepole zaidi ya ilivyohitajika.

Walipoegesha chini ya ghorofa Fittja, Lameck akashuka kwenda nyuma kukitoa kiti. Kasiani akabaki mbele, akapiga simu gereji. Akamuuliza Félix kama ameshaziba. Félix akasema bado, ndiyo kwanza anachanganya rangi.

"Usizibe. Kata yote mbovu, weka bati jipya. Nataka na mkanda wake."

Félix akamkumbusha kwamba ni kazi kubwa, na kwamba wiki moja nzima muzee alikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Halafu, akiwa Félix, akauliza tena lile swali lake, nani sasa atakaa pale.

"Sijui," Kasiani alisema. "Wewe tengeneza."

Sawa, Félix alisema, mashine ya kunyanyulia atajua mwenyewe namna ya kuigawa. Lakini kiti je? Si muzee ameondoka nacho? Anataka kukipima kwenye bati jipya kabla hajachomelea, la sivyo bolti hazitakutana na matundu. Anakihitaji kesho asubuhi. Kasiani akasema atakileta.

"Na gari gani?" Félix aliuliza.

Kasiani akaishusha simu kutoka sikioni. Akafungua mlango, akashuka kwa uangalifu kwa sababu ya mgongo, akazunguka mpaka nyuma. Mara ya kwanza alikuwa na mvua ya kusingizia. Sasa mvua ilikuwa imekatika, na hakuwa na kisingizio chochote.

"Lameck," alisema, "kesho asubuhi utaweza kunipitia?"

Lameck alikuwa ameshakishusha kiti nusu, kimemlalia kifuani. Akakisukuma tena ndani ya gari, akafunga mlango.